Nilisema Yangu

Viatu vyangu vyote ni vya kahawia. Ukinifungulia kabati hutapata kiatu cheusi hata cha dawa, na watu wa kazini wamenitania mpaka wamechoka. Wanadhani ni fasheni. Fasheni gani? Siwezi kuvumilia harufu ya rangi nyeusi ya viatu, basi. Ikinifika puani mkono unatafuta kitu cha kurusha. Lakini shule ya binti yangu Mariamu inataka viatu vyeusi vinavyong'aa, na hakuna mzazi aliyewahi kushindana na shule akashinda. Kwa hiyo tulikubaliana: yeye anapaka viatu vyake nje barazani, mlango umefungwa, na kopo linabaki huko huko nje.

Jumapili moja jioni alisahau kufunga mlango. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, harufu ikanifuata hadi kwenye sinia. Nikageuka nimfokee, naye, brashi mkononi, akaniambia kwamba kesho darasa lao litaonyeshwa filamu. Ni ya zamani kidogo, akasema, ya daktari mmoja wa kike, mzungu, aliyekuja Afrika akawatetea watu weusi. Mwalimu amewaambia ni filamu inayopinga ubaguzi wa rangi na wataiandikia insha. Kisha akaitaja kwa jina.

Sikumfokea tena. Nilikaa chini na sinia mapajani. Akaniuliza kama naijua, nikasema naijua. Nikamwambia akaiangalie vizuri tu, akirudi tutaongea. Mengine niliyaacha, kwa sababu kama ningefungua mdomo saa ile ningetukana, na mtoto hakuwa na kosa lolote.

Nilipokuwa mdogo kuliko Mariamu tuliishi Makongeni, kwenye nyumba za reli, ingawa hatukuwa watu wa reli. Mfanyakazi mmoja alitupangisha chumba chake cha pili. Baba alikuwa na bucha Soko la Burma, na alirudi nyumbani kila siku akinuka mafuta ya ng'ombe na vumbi la mbao. Mama alikuwa mtoto wa Waswahili wa pwani, mwanamke wa maji ya kunde, mrefu, mwenye Kiswahili cha kutamkwa chote bila kumeza silabi. Majirani walisema anaongea kama redio. Mimi Zuhura ndiye kifungua mimba, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Zuhura. Baada yangu alikaa muda mrefu bila kupata mtoto mwingine, watu wakaanza kuuliza maswali yasiyowahusu, halafu ndipo akaja Salim.

Salim alikuwa mtoto wa kuombwa. Hukuruhusiwa kumsifu bila kusema mashallah, na hukuruhusiwa kutaja neno baya juu yake hata kwa mzaha. Ukisema, angalia Salim asianguke, ulipigwa kofi la mdomo. "Usinichurie," Mama angekwambia, na macho yake hayakuwa ya mchezo. Uchuro kwake haukuwa hadithi. Ukilitamka balaa, umelifungulia mlango, umeliambia karibu. Rafiki zangu wa pale ploti hawakulijua hata hilo neno, nikawa nawaeleza kwamba Mama anaogopa maneno jinsi wengine wanavyoogopa mbwa.

Wazungu wa filamu walikuja mtaani Salim bado ananyonya. Walitaka wanawake wenye watoto wachanga. Mama akakubali, na jirani yetu Mama Wanjiru, mama wa kanisa aliyekuwa akiuza mboga pale getini, akakubali naye, kwa sababu nani angekataa kuwa ndani ya filamu? Baba alicheka sana asubuhi ile. Alisema sasa ataanza kuomba ruhusa kwa mameneja ili azungumze na mkewe. Mama akavaa gauni lake la Idi, akamvisha Salim soksi mpya, wakapanda lori na wanawake wengine.

Waliwapeleka Njiru. Njiru ya wakati ule ilikuwa vichaka, udongo mweusi na machimbo ya mawe, na hapo ndipo wale watu walipojenga kijiji chao cha Kiafrika. Vibanda vya nyasi, mafuvu ya mbuzi juu ya vijiti, moto wa kuotea mchana kweupe. Mimi leo naishi huko huko Njiru, ghorofa ya tatu, na nikitazama dirishani naona maji ya mifereji, antena na nguo zilizoanikwa. Hakuna mwanamke hata mmoja katika lile lori aliyewahi kulala kwenye kibanda cha namna ile. Walitoka kwenye nyumba za mawe zenye stima, wakavuliwa gauni zao za sikukuu, wakapewa ngozi.

Halafu ikaja habari ya rangi. Kijana mwenye vipodozi alimwangalia Mama usoni, akaenda kumwita mkubwa wake, wakasimama wote wawili wakamtazama kama watu wanaochagua kitambaa cha pazia. Wakasema hatoshi. Hatoshi nini? Hatoshi weusi. Mkalimani wao, Mkenya mwenzetu, akamweleza Mama kwa upole kwamba watu wa huko ng'ambo hawataamini kama yeye ni Mwafrika. Fikiria mtu anakuambia hivyo, Nairobi, na wewe umezaliwa nchi hii, na babu yako amezaliwa nchi hii. Rangi yao ya uso ilikuwa imekwisha, basi wakafungua makopo ya rangi ya viatu. Walimpaka uso, shingo, mikono, miguu. Wakampaka na Salim. Mama Wanjiru hakupakwa. Yeye aliambiwa yuko sawa kabisa vile alivyo, na alitusimulia baadaye kwamba hakujua ashukuru au atukane. Wakampeleka mbali, kwenye kundi la wacheza ngoma, arukeruke.

Nakumbuka walivyorudi. Nilikuwa nacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, pale mlangoni, nikaona mwanamke mweusi anayeng'aa akija na gauni la mama yangu, nikakimbilia ndani. Mama alinikuta uvunguni. Kwa siku nyingi chumba chetu kilinuka duka la fundi viatu. Alijisugua kwa mafuta ya taa, kwa sabuni ya mche, kwa dodoki, na bado nyuma ya masikio na kwenye kucha ilibaki. Salim alitokwa na vipele mwili mzima, akalia mpaka sauti ikakauka. Baba hakucheka tena. Aliuliza walimfanyisha nini hasa huko, alisema nini mbele ya hiyo kamera, na Mama, akimpaka mtoto mafuta ya nazi, akajibu kwa ufupi.

"Waliniambia niseme mambo. Mimi nilisema yangu."

Mama Wanjiru alijaribu kumchokonoa, wateja wa bucha walijaribu, jibu likawa lile lile. Nilisema yangu. Leo najua kwa nini hakueleza. Kueleza kulitaka arudie kile alichoagizwa aseme, na kile kilikuwa uchuro mtupu, na hangekitamka ndani ya nyumba yake huku Salim amelala kitandani. Lakini mimi nilikuwa mtoto. Niliona siri, nikaiweka.

Filamu yenyewe ilifika Makongeni baadaye sana, Salim ameshaanza kukimbia. Kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya nyumba za reli, cha mabati, mabenchi ya mbao na gunia mlangoni badala ya pazia. Mwenyewe aliitwa Dijei Mapengo kwa sababu ya meno yake. Kazi ya Mapengo ilikuwa kuzifanya filamu za watu zieleweke. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, sauti ya filamu ameipunguza, na yeye ndiye aliyekuwa kila mtu: mwizi, polisi, mrembo, farasi. Alisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini akayageuza kuwa Sheng papo kwa papo. Tulimpenda. Ukiuliza mtoto yeyote wa pale filamu fulani inasema nini, jibu lilikuwa kile alichosema Mapengo.

Habari ikaenea kwamba Mama Zuhura yuko kwa filamu. Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya misumari. Mama mwenyewe alikataa kwenda. Alisema ile rangi ameshaioga. Nilikwenda na Mama Wanjiru, nimevaa vizuri, nimekaa mbele, nimejaa majivuno hadi kooni. Mama Wanjiru alijiona mara moja tu, mgongo wake ukiruka, akapigiwa makofi.

Kisha akatokea Mama. Alitoka kwenye kibanda cha nyasi, mweusi kama sufuria ya kuni, amembeba Salim. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule daktari wa kizungu mwenye nywele safi na shati jeupe. Machozi yalimtiririka, mikono aliinyoosha, na mdomo wake ulikuwa unaenda, unaenda. Mapengo akasogeza maikrofoni.

"Oya, cheki huyu mathe anasema aje. Anasema, madam, chukua huyu mtoi! Ako na mapepo, mtoi atatumaliza huku kijiji! Ukimwacha, kesho namtupa kwa mto!"

Kibanda kilivunjika mbavu. Mimi nilitazama chini, kwenye maandishi. Nilikuwa ndio kwanza najifunza kusoma Kiingereza, na maneno mawili ya mwanzo niliyajua kutoka ubaoni shuleni: take him, yaani mchukue. Mapengo hakuwa amedanganya. Ilikuwa imeandikwa. Na shuleni tulifundishwa kwamba kitu kikishaandikwa kimekwisha. Yule mzungu akampokea Salim, akambusu kwenye ile rangi ya viatu, muziki wa zeze kubwa ukapanda, na Mama akabaki magotini kichwa chini. Hakuonekana tena hadi filamu ikaisha.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anakaanga viazi karai, Salim amekaa sakafuni anagonga kifuniko. Nilisimama mlangoni nikamwangalia kama mtu nisiyemjua. Nikamuuliza, yale aliyosema kwenye filamu, alisema kwa kuigiza au alisema kweli. Aliinua kijiko cha matundu, kinachuruzika mafuta.

"Nilisema ya moyoni mwangu, Mungu shahidi yangu," akasema. "Na wakiniuliza leo, nitasema yayo hayo."

Nani angenilaumu? Niliyasikia kwa Mapengo, nikayaona yameandikwa, na sasa mwenyewe ameapa. Mama yangu, mama wa usinichurie, alikuwa anataka kumgawa Salim kwa wazungu, au kumtupa mtoni, na alikuwa anangoja tu siku.

Kuanzia hapo sikuwa mtoto tena, nilikuwa askari. Nililala nimefunga ncha ya shati la Salim kwenye gauni langu. Nilijifanya naumwa tumbo ili nisiende shule. Nilimfundisha kusema jina lake, na jina la Baba, na Burma, ili hata akipelekwa ng'ambo aweze kuwaambia wamrudishe. Watoto wa ploti walinipigia kelele wakiniona nimembeba: madam, chukua mtoi! Hawakuthubutu kusema hivyo mbele ya Mama, maana alikuwa na shabaha isiyokosea ya kurusha patipati, ndara zake za mpira. Waliniita mtoto wa mshenzi. Watoto wa Makongeni, weusi kama mimi, weusi kunipita, wanacheka wamejishika matumbo, kwa sababu filamu ilikuwa imewaonyesha washenzi na wao wakashukuru kwamba si wao. Hilo linanichoma hadi leo. Mzungu wa filamu hata hakuhitaji kuja kututukana. Alitutumia kaseti tu, tukajitukana wenyewe kwa lugha yetu, na tukalipa kiingilio.

Halafu likaja jambo la zahanati. Asubuhi moja Mama alimwogesha Salim, akampaka mafuta, akamtia wanja, akamvalisha nguo za Idi. Nikauliza wanakwenda wapi. Akanijibu huku anatafuta viatu vyake, kwamba kuna daktari wa kizungu amekuja zahanati, mwanamke, anampeleka Salim akaonekane. Aliingia chumbani kuchukua buibui. Mimi sikungoja. Nilimtupa Salim mgongoni, nikatoka.

Sijui nilivukaje Jogoo Road. Nilichokumbuka ni Burma, Baba, visu. Lakini Baba hakuwa buchani, alikuwa ameenda kuchukua nyama, na mchoma nyama wa kibanda cha jirani alikuwa amempa mgongo kila mtu akipuliza moto. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na magunia ya makaa. Tukaingia katikati yake. Nilimziba Salim mdomo kwa kiganja, nikamwambia kimya, mzungu anakuja. Alidhani ni mchezo, akalala. Nikakaa nasikia panga zikigonga magogo na watu wakiagiza mbavu.

Mama ndiye aliyetuona. Nasikia alikuwa ameshazunguka Makongeni yote akiita, leso imemteremka kichwani hadi mabegani. Aliinua gunia, akamwona mwanawe mweusi ti kwa makaa, wanja, mafuta ya nazi na makaa vimekuwa kitu kimoja, meno tu yanaonekana. Nilimwona uso wake ulivyobadilika. Alimnyakua, akamgusagusa kila kiungo, kisha akanigeukia.

"Umemfanya nini ndugu yako?"

"Nimemficha."

"Umemficha asionwe na nani?"

"Nimemficha asionwe na wewe," nikasema. "Usimpe mzungu. Mimi nitamlea."

Nilidhani atanipiga. Mchoma nyama alikuwa amesimama na kipepeo chake cha moto, wateja wanatutazama. Mama alichuchumaa kwenye yale makaa na buibui lake safi, akaniuliza taratibu nani ameniambia anataka kumgawa mtoto wake. Nikamwambia yote. Mapengo alivyosema, kilichoandikwa, mapepo, mto, na yeye mwenyewe alivyoapa mbele ya karai kwamba yalikuwa ya moyoni mwake. Nilipofika kwenye mto alinifunika mdomo kwa mkono, kwa upole, ili neno lisimalizike. Halafu nikamwona anaelewa. Sijawahi tena kuona hasira ya namna ile, hasira isiyo na kelele. Alisimama, akampakata Salim na makaa yake yote, akanishika mkono, tukarudi Makongeni.

Hakwenda nyumbani. Aliinua gunia la kibanda cha video. Ilikuwa mchana, vijana wamejazana wanatazama mateke na ngumi. Akamwambia Mapengo aondoe hiyo, aweke filamu yake yeye, na aipeleke mpaka pale anapotoka kibandani. Mapengo akaanza kuchekacheka, akaita oya, staa mwenyewe amefika, lakini alipomtazama vizuri akatii. Vijana wengine walitaka kulalamika, wakamwona mtoto mweusi kwa makaa kiunoni mwake, wakatulia. Picha ikaja. Mapengo akainua maikrofoni kwa mazoea. Mama akaichukua mkononi mwake, akaiweka juu ya benchi kama mtu anayetua kikombe. Kisha akavua leso yake mabegani, akaifunika nusu ya chini ya televisheni, pale yanapopita maandishi.

"Sauti," akasema. "Weka yote."

Mapengo akazungusha kitufe hadi mwisho.

Na ndipo tukamsikia. Yule mwanamke wa rangi ya viatu, magotini, machozi yanamchuruzika, mikono ameinyoosha kama alivyoamriwa, alikuwa anasema Kiswahili. Kile kile cha kama redio, kila silabi mahali pake.

"Mwanangu huyu mzima. Hana maradhi, hana laana, inshallah atazeeka. Anaitwa Salim na baba yake anauza nyama Burma. Mtanipaka mtakavyo, mtaniita mtakavyo, mwanangu simtoi. Simtoi, simtoi, simtoi."

Juu ya ile leso mzungu alimbusu Salim, zeze likalia. Chini ya ile leso Kiingereza kilikuwa kinaendelea na uongo wake, hatukukiona. Mtu mmoja alicheka pale kwenye baba yake anauza nyama Burma, kicheko cha mshangao, cha kumtambua mtu, kikafa hapo hapo. Watu wote mle ndani walizaliwa wakisema Kiswahili. Walikuwa wameitazama filamu ile tena na tena, na hakuna aliyekuwa amemsikia.

Mapengo alikuwa ameinamisha kichwa. "Mathe, mimi nilisoma tu vile imeandikwa," akasema.

"Na masikio ulimwachia nani?" Mama akamuuliza.

Alichukua leso yake, akamfutia Salim uso, tukaenda nyumbani. Njiani alinieleza, mara moja tu, na hakurudia maisha yake yote. Yule mkuu wa filamu alimtaka aseme mtoto amelaaniwa na atakufa. Mama akasema hilo hasemi, ng'o. Mkalimani akamwambia basi sema lolote kwa lugha yenu, bora ulie, hakuna atakayeelewa. Na yeye akaona sawa, Mungu anaelewa Kiswahili.

Mapengo, haki yake nimpe, hakuiweka tena ile filamu. Watoto waliacha kunipigia kelele. Kwa Makongeni mambo yakaisha. Lakini Makongeni ni mtaa mmoja! Huko kwingine kote kaseti iliendelea kuzunguka na Mama akaendelea kupiga magoti akimtoa mtoto wake, kwa sababu huko hakuna mtu wa kuleta leso. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi hapa mjini, nimevaa vizuri, nikamsikiliza msomi akiisifu filamu ile kwa ushujaa wake. Eti inaonyesha ubaguzi bila woga. Na kweli inaonyesha: kuna mlowezi mnene anayepiga watu kiboko, kuna afisa anayetema mate, na ukumbi mzima ulisikitika ulipowaona. Wabaguzi wa filamu siku zote wana viboko, ili wewe uliyekaa kwenye kiti, usiye na kiboko, ujue si wewe. Kopo la rangi ya viatu halimo kwenye filamu. Mkalimani mpole hayumo. Yule aliyekaa mahali fulani na kalamu, akaona mdomo wa mwanamke mweusi unaenda, akaamua mwenyewe unasema nini, hayumo. Mwishoni majina yanapopanda, hata mbwa wa daktari ana jina lake. Mama yangu ameandikwa mwanamke wa kijijini. Niliinua mkono siku ile kuuliza swali, muda ukawa umekwisha.

Mama alikufa kabla Mariamu hajazaliwa. Salim yuko hai, mzima, ana kitambi, ni fundi stima Mombasa na anacheka kwa sauti ya Baba. Sikuwahi kumwambia Mariamu habari za filamu ile. Kila nilipojaribu hasira ilinitangulia, na sikutaka ajue nyanyake kwanza kama kitu cha kukasirikia.

Jumatatu alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akakaa mezani bila kuuliza chakula. Nilimwekea chai. Nikamuuliza filamu ilikuwaje, nikajitia kupangusa meza.

Akasema wenzake wameipenda, wengine wamelia. Akasema kuna mwanamke mmoja mle amepakwa kitu mpaka shingo inang'aa, na anasema Kiswahili, lakini hasemi yale yaliyoandikwa. Alimwambia mwalimu. Mwalimu akamjibu wafuate maandishi, swali la insha litatoka kwenye maandishi.

Kitambaa kilitulia mkononi mwangu. Hasira yote ya miaka yote ilinipanda kifuani, nikaimeza, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza.

"Sasa wewe ukafanya nini?"

"Nilifumba macho," akasema Mariamu. "Anasema mtoto wake anaitwa Salim, Mama. Kama mjomba. Anasema hamtoi. Anaigiza vizuri kuliko wote. Ni nani yule?"

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, karibu kabisa, mpaka nikaisikia ile harufu ya viatu kwenye vidole vyake, na kwa mara ya kwanza sikuusukuma mkono wake.

"Ni nyanyako," nikamwambia. "Na pale hakuwa anaigiza."